Mama wa Namba Arobaini na Nane

Kilichomtia Turuhira kinyaa mwanzo hakikuwa profesa. Ilikuwa keki.

Keki ya chokoleti, ya siku ya kuzaliwa, imekatwa nusu, kisu kimeachwa ubavuni kikiwa na makombo. Ilikuwa imewekwa juu ya friza kubwa ya chuma kwenye korido ya chuo, karibu na mlango wa chumba cha chai. Kwenye kifuniko cha friza kulikuwa na karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa: OTUWHARE, jina la kijiji na ukoo wa Turuhira. Ndani ya friza hiyo alikuwemo mama yake.

"Nani kaweka chakula hapa?" Turuhira aliuliza.

Karani mmoja msichana alitoa kichwa nje ya chumba cha chai, akatabasamu. "Ah, hiyo ya Graham. Katimiza hamsini. Nikukatie kipande?"

Turuhira alikataa kwa kichwa. Kwao chakula na mwili wa mtu havikai pamoja. Kitambaa cha kufutia vyombo hakifuliwi na nguo za ndani, mto wa kulalia haukaliwi, na alipolazwa marehemu hakuli mtu hata biskuti. Mtoto wa miaka mitatu pale Otuwhare analijua hilo. Hawa walikuwa na shahada ukutani, na keki juu ya marehemu.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri ili afike jijini saa nne. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo cha majani makavu ya kitani alichokisuka mwenyewe wiki nzima, kipya, kisichowahi kutiwa hata kiazi. Kilikuwa cha kumbebea mama. Jumamosi ukoo mzima ungekusanyika makaburini kufunua jiwe la kaburi la Mihiata, mama yake, mwaka mmoja tangu azikwe, na siku hiyo inapokwisha marehemu anaachwa apumzike. Lakini Mihiata angepumzikaje nusu nusu, mwili kaskazini, damu kwenye friza jijini? Turuhira alikuwa ameapa kwamba Jumamosi haitafika kabla hajamrudisha mzima.

Damu ilifikaje huko? Kwa ukarimu, ndiyo aibu yenyewe. Miaka kumi na miwili nyuma Profesa Harcombe alikuja Otuwhare akiwa na masanduku ya sindano. Alisema anatafuta chanzo cha jongo, maana wanaume wa pale wakifika arobaini vidole gumba vya miguu vinawavimba mpaka shuka ikiwagusa wanapiga yowe. Wakampokea kwa nyimbo. Wakagusana naye pua, salamu ya kwao. Akalala godoro moja kati ya magodoro yao katika nyumba ya ukoo, akala mkate wa kukaanga wa Mihiata, akaomba wa pili na wa tatu. Mtu akishalala chini ya paa lile anahesabiwa ni wa ndani, na mtu wa ndani hadaiwi karatasi. Watu mia moja na kumi na wawili walikunja mikono ya mashati. Mihiata mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake akiwatoa waoga vitandani.

Turuhira, kwa kuwa alifanya kazi kwenye zahanati ya ukoo, ndiye aliyejaza fomu. Kwenye fomu palikuwa na swali: mama yako ni nani? Akawaandikia wote. Alipofika kwenye yake akaandika Mihiata bila kuinua kalamu. Mihiata alikuwa namba arobaini na saba, yeye arobaini na nane.

Sasa mlango wa ofisi ukafunguliwa, na Harcombe akatokea mikono imetanuka. Shingoni alikuwa na mfupa wa nyangumi uliochongwa, mkubwa kuliko ambao mzee yeyote wa Otuwhare angethubutu kuvaa. Akasalimia kwa Kimaori kilichonyooka, lugha ya kwao Turuhira, akainamisha uso. Turuhira akampa pua, maana adabu ni adabu.

"Shangazi Turu! Karibu, karibu sana. Pole sana kwa mama."

Shangazi, na mvi zake zinazidi za Turuhira mara tatu.

"Asante. Hukuja msibani."

"Nilikuwa Geneva, Shangazi. Iliniuma sana."

"Ile keki iondolewe juu ya mama yangu."

Harcombe alichungulia korido, akafinya macho kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Lo. Samahani. Tuliwafundisha kabisa, kuna semina kila mwaka." Lakini hakuinuka. Alivuta kiti, akafungua kompyuta, akapangapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Turuhira amekaa zahanati miaka thelathini. Anamjua mtu mwenye habari mbaya kabla hajafungua mdomo.

"Kuna jambo dogo," Harcombe akasema. "Kwenye barua tulikuambia uje, na tulimaanisha. Lakini kamati yetu ya maadili ina kanuni. Damu ya marehemu inakabidhiwa kwa ndugu wa karibu wa damu."

"Ndiyo mimi. Mwanawe."

"Hapo ndipo pana ugumu."

Akageuza kompyuta. Kulikuwa na mchoro wa vijiduara na mistari, ukoo mzima wa Otuwhare umetandazwa kama nguo kwenye kamba. Turuhira alitafuta hadi akaiona arobaini na saba. Chini yake ilikuwa arobaini na nane. Mstari kati yao ulikuwa umekatwa kwa rangi nyekundu, na pembeni pameandikwa: uzazi wa uongo.

"Tulipima," Harcombe alisema, ameshusha sauti kama mtu anayefariji. "Wewe na Mihiata hamhusiani. Najua ni mshtuko. Tuna mshauri nasaha, kama ungependa kukaa naye."

Mshtuko gani? Turuhira alijua alikotoka tangu anajua kufunga viatu. Hemi, mume wa Mihiata, alikuwa na dada yake aliyeitwa Erana, mwenye watoto wanane. Mihiata hakujaliwa. Wa tisa alipokuwa bado tumboni, Mihiata alikwenda kwa wifi yake, akakaa jikoni, akasema, "Huyu ni wangu." Erana akasema, "Chukua." Siku ya pili baada ya kuzaliwa Turuhira alivushwa barabara akiwa amefungwa ndani ya koti la Hemi, na hiyo ndiyo safari yote aliyosafiri kubadilisha mama. Turuhira alimwita Erana shangazi, akala kwake kila Jumapili. Siri haikuwapo. Pale Otuwhare kumpa ndugu mtoto alee ni heshima kubwa, na mtoto aliyelelewa hivyo anakaa kifua mbele. Mama ni aliyekulea, basi. Turuhira ndiye aliyembeba Mihiata chooni miaka minne ya mwisho. Ndiye aliyemfumba macho.

"Kwa hiyo kwenu mama yangu hana mtu," alisema.

"Yuko mmoja. Namba mia moja na mbili, mtoto wa kaka yake. Reweti, anaishi Perth. Tumemwandikia barua pepe."

"Reweti!" Turuhira alicheka, kicheko kibaya. "Reweti hajakanyaga nyumbani miaka kumi na miwili. Mama alipokufa alituma picha ya ua kwenye simu. Huyo ndiye atakayenipa ruhusa ya kumzika mama yangu?"

"Si mimi ninayesema, Shangazi. Ni kanuni. Na tafadhali usijione uko peke yako. Mlikuwa thelathini na mmoja." Hapo akachangamka kidogo, hakuweza kujizuia. "Thelathini na mmoja kati ya mia na kumi na wawili! Asilimia ishirini na nane wametaja mzazi wa uongo. Ni kiwango cha kushangaza. Lakini kwenye makala tuliliandika kwa heshima sana."

Akamsogezea makala hiyo. Jina la ukoo wao lilikuwa kwenye kichwa chake, limeandikwa sawasawa na alama zote. Turuhira akasoma mstari mmoja, kisha wa pili. Alikumbuka mwaka juzi, mtangazaji mmoja wa redio alikuwa akiwacheka watu wa kaskazini kwamba kwao kila mtoto anabahatisha baba. Wakauliza utani huo umetoka wapi. Basi ulitoka hapa, kwa mtu aliyekula mkate wa Mihiata mara tatu.

"Tuliwapa damu mtafute jongo," alisema taratibu. "Nani aliwatuma mtafute wazazi wetu?"

"Fomu ilisema jongo na masuala yanayohusiana."

"Na ulipoona thelathini na mmoja hawapatani na fomu, hukujiuliza labda fomu ndiyo ina kasoro? Hukupiga simu? Namba ya mama ulikuwa nayo. Ulikuwa unampigia kumwomba mapishi."

"Kitaalamu tusingeweza kuwarudia washiriki, ingeharibu..."

Turuhira alikuwa ameshasimama. Kikombe kimoja cha chai na Mihiata kingewatosha, dakika kumi tu. Hawakutaka hata hizo dakika kumi, kwa sababu walishapata walichokifuata.

Kwenye korido aliinyanyua keki ya Graham kwa mikono miwili, akaiweka chini kwenye mlango wa chumba cha chai, kisu na makombo yake. Akatoa chupa ya maji mkobani, akaosha kifuniko cha friza, akakifuta kwa skafu yake. Kisha akaweka picha ya mama aliyokuwa nayo kwenye pochi, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye chuma baridi, akapaza sauti kumlilia Mihiata kwa kilio kile kirefu ambacho wanawake wa kwao hulilia maiti inapoletwa. Milango ikafunguka korido nzima.

"Shangazi Turu," Harcombe alisema, uso umemwiva, "unafanya nini?"

"Nakaa na maiti. Maiti haachwi peke yake mpaka azikwe. Damu yake tumeiacha miaka kumi na miwili kwa kudhani iko kwa mtu wa ndani."

Binamu yake Tawera ndiye aliyemleta. Alikuwa akisubiri kwenye gari, mguu mmoja kwenye kandambili kwa sababu ya jongo. Turuhira alipompigia simu alipanda ngazi akichechemea na kutukana kila hatua. Akasimuliwa. Akatazama lile jina kwenye friza, akamtazama binamu yake.

"Thelathini na mmoja? Ina maana na mimi nimo?"

"Umo. Wewe si umelelewa na babu."

"Kwa hiyo mimi ni mwanaharamu rasmi. Wa chuo kikuu. Na mguu bado unauma!" Akajishusha sakafuni kwa kugumia. "Dawa hawakupata, lakini mama zetu na dada zao wote wamewajua. Hebu nipishe niegemee."

Akaanza kupiga simu. Hadi saa nane walikuwa kumi na mmoja, ndugu wa jijini, wengine bado na sare za kazi. Jioni wakaja na magodoro. Kulipokucha Alhamisi walikuwa arobaini, na kifuniko cha friza kimejaa picha za marehemu na majani mabichi. Walimu wa chuo waliotaka chai iliwalazimu kuinywea nje kwenye maegesho, mvuani, kwa sababu Turuhira alimwambia kila aliyetokea na kikombe, "Hapa kuna msiba. Rudi nacho." Graham mwenyewe alikuja kuichukua keki yake kichwa chini na hakuonekana tena.

Wakatuma mlinzi awatoe. Alikuwa Mtonga wa visiwani, jitu la mtu, funguo zinamlia kiunoni. Alifika, akaona picha, akavua kofia.

"Nimeambiwa kuna wavamizi," alisema.

"Umewaona?" Tawera akamuuliza.

"Sijawaona. Naona msiba tu." Akasogeza godoro kwa mguu, akakaa, akaungana nao kwenye wimbo uliokuwa ukiimbwa, akachukua sauti ya chini kabisa.

Saa tisa alasiri Harcombe akatokea na karatasi. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa ofisi ya mkuu wa chuo ambaye hakutaka kutazamana na mtu. Reweti amejibu, alisema Harcombe. Akawasomea, maana hakuwa na la kufanya: Reweti aliandika kutoka Perth kwamba yeye hawajui hao wa chuo ni akina nani, lakini mama yake Turu ni mama yake Turu, na wakimsumbua tena binamu yake atapanda ndege. Watu wakacheka mpaka picha zikatikisika. Kumbe Reweti bado alikuwa mtu.

"Kwa hiyo, kwa upande wetu, tunaweza kulegeza kanuni mara hii," alisema Harcombe. "Saini hapa."

Turuhira aliisoma karatasi. Mahali pa uhusiano na marehemu walikuwa wameshachapa: mtu asiye ndugu, kwa idhini ya ndugu. Akayakata maneno yale kwa mstari mmoja mnene. Juu yake akaandika: mwanawe. Akasaini, akarudisha kalamu.

"Na kichupa changu," akasema. "Arobaini na nane."

Wakamletea vichupa viwili vidogo vilivyoganda, havizidi kidole. Cha pili kilikuwa na alama nyekundu. Akavifunga kwa skafu, akaviweka ndani ya kikapu. Mama yake mzima aliyemjua, na mkong'oto wa fimbo yake na kelele zake zote, sasa alikuwa mwepesi kuliko yai.

"Na namba?" akauliza. "Yale mliyosoma ndani ya damu. Hiyo michoro."

Harcombe akakohoa. "Hizo zilishatoka, Shangazi. Vyuo na kampuni za dawa, mahali kumi na nne. Haziwezi kurudi. Lakini hazina majina ya watu."

"Zina jina la ukoo wetu."

Harcombe akapiga goti mbele ya godoro la Turuhira, macho yamelainika, mfupa wa nyangumi unaning'inia. "Ninataka kulisahihisha, kweli. Nieleze tu. Hao thelathini na mmoja, inakuwaje? Ni desturi? Ina jina?" Na mkono wake, pengine hata yeye hakujua, ulikuwa umeshachomoa kijitabu mfukoni na kukifungua kwenye ukurasa mweupe.

Turuhira aliitazama kalamu ile. Hakuna kitu alichokiona siku zote mbili, hata keki, kilichomchafua roho kama kalamu ile iliyokuwa tayari. Alimwonea kinyaa huyu mtu, na mkono wake, na ulaini wa sauti yake. Alijionea kinyaa mwenyewe pia, kwa kuwa aliwahi kumpakulia.

"Funga kijitabu," alisema. "Ulikula kwetu siku tisa. Ungetaka kujua ungeuliza ukiwa na kikombe mkononi, si kalamu." Akainuka, na arobaini wakainuka naye.

Jumamosi upepo ulivuma makaburini mpaka shuka lililofunika jiwe la Mihiata likashikiliwa na watu wanne. Waliposali na kulifunua, Turuhira alichimba kishimo kidogo chini ya jiwe kwa mwiko wa bustani. Bibi Kuini, mkubwa kuliko wote waliobaki, miaka tisini na moja, alisogezewa kiti karibu ili aone.

Turuhira alitoa kichupa cha kwanza. Kisha akatoa cha pili.

"Wee, Turu!" Bibi Kuini akang'aka. "Hicho si chako? Wewe bado unatembea na kula, unazika damu yako? Una wazimu?"

"Imeshaoza hiyo, Bibi. Wameiandika ni ya mwongo."

"Nani kaiandika?"

"Yule wa mkate."

Bibi Kuini alikuwa amemfundisha Harcombe wimbo mmoja wa mazishi, mzuri, ambao hakumfundisha hata mjukuu wake. Akatema mate pembeni.

Turuhira akafungua vichupa vyote viwili. Damu ilikuwa imeyeyuka, nyeusi, yenye harufu ya kutu. Akamimina ya mama yake ndani ya shimo. Juu yake akamimina ya kwake, yote, akakung'uta hadi tone la mwisho, na kwa mwiko akakoroga udongo ule mpaka usiweze kujua ipi ni ipi.

"Haya," alisema Bibi Kuini. "Sasa waje na sindano zao watenganishe."

Watu wakaguna, wengine wakalia, na Tawera akafukia shimo kwa mguu ule mzima. Kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kula, na kila mtu akisimama kwanza kwenye bomba la langoni kunawa, kama ilivyo lazima ukitoka kwa wafu. Turuhira alitoka wa mwisho. Akanawa. Mikono ilikuwa safi, ila puani mwake bado alisikia chokoleti. Mama alikuwa amerudi nyumbani, amepumzika, na hapana wa kumtoa tena. Lakini mahali kumi na nne duniani, pengine hata saa hiyo hiyo, kulikuwa na mtu anayekunywa kahawa mbele ya mstari mwekundu uliosema Turuhira hana mama.

Akanawa tena.